Nataka kuwa fundi sanifu wa tiba ya wanyama kwa kusoma mtandaoni: je, cheti changu kitatambuliwa?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, na kwa miaka kadhaa sasa nimeajiriwa kama mpokeaji wa wateja katika kliniki ya wanyama wadogo. Kazi yangu ni kupokea simu, kufungua mafaili, kupanga miadi na kuandika risiti, lakini mara nyingi mafundi wanapozidiwa na kazi huniita ndani nimshike mbwa anayetolewa damu au nimkalie karibu paka anayezinduka kutoka kwenye nusukaputi. Kila ninaporudi mezani kwangu nahisi kwamba kazi ninayoitaka nimeiacha huko ndani.

Ningependa kusomea ufundi sanifu wa tiba ya wanyama. Siwezi kuacha kazi, wala siwezi kuhudhuria chuo cha kutwa, kwa kuwa mume wangu anafanya kazi za zamu na watoto wanahitaji mtu wa kuwapokea jioni. Kwa sababu hiyo nimeanza kutafuta kozi za mtandaoni, na nimepata mbili. Ya kwanza inaahidi cheti baada ya miezi sita bila mwanafunzi kukanyaga kliniki hata siku moja. Ya pili ni ya miaka, inanitaka niwe na daktari wa wanyama wa kunisimamia, na inadai nitume video zinazonionyesha nikifanya kazi kwa mikono yangu. Ya kwanza imenivutia kwa wepesi wake, na ya pili, nikiri, imenitisha.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenisomesha na ambaye siwezi kumpuuza, anasema kwamba kusoma mtandaoni ni kununua karatasi, na kwamba hakuna daktari atakayemkabidhi mnyama mtu aliyejifunza kwenye skrini. Zaidi ya hayo, hesabu na kemia zilinishinda shuleni, nami nasikia kwamba kazi hii ina hesabu za dawa kila siku. Daktari mwenye kliniki yetu ni mtu mwema, ila ana shughuli nyingi mno, na naona haya kumwomba anisimamie.

Naomba unisaidie kujua kama njia hii ipo kweli, jinsi ya kutambua kozi inayotambuliwa, na namna ya kumkabili daktari wangu.

Wako,
Mama wa Wawili

JIBU

Mama wa Wawili,

Njia hiyo ipo, na watu wengi wenye kazi na watoto wameipita hadi kupata leseni. Kozi iliyokutisha ndiyo yenye alama za kozi ya kweli. Ile ya miezi sita isiyotaka ukanyage kliniki achana nayo leo, hata wakikupunguzia ada. Kaka yako ana haki ya kuwa na wasiwasi, kwa sababu karatasi za kununua zipo na zimewapotezea watu fedha na miaka. Anapokosea ni pale anapoziweka kozi zote za mtandaoni katika kapu moja, na naamini ukimwonyesha kwamba unasimamiwa na daktari na kwamba kazi yako inakaguliwa, atalitazama jambo hili kwa jicho jingine.

Sehemu kubwa ya taaluma hii inasomeka vizuri ukiwa nyumbani. Anatomia na fiziolojia, dawa na namna zinavyofanya kazi mwilini, vimelea, lishe, istilahi za kitabibu, magonjwa yanayoambukiza kati ya wanyama na binadamu, maadili na sheria: haya yote ni masomo ya kusoma, kukariri na kuelewa, na mhadhara uliorekodiwa una faida moja ambayo darasa halina, kwamba unaweza kuurudia saa nne usiku watoto wakiwa wamelala mpaka uelewe. Katika masomo haya sioni kwamba mwanafunzi wa mtandaoni ana upungufu wowote, mradi anasoma kweli.

Kazi za mikono ni habari nyingine. Chukua jambo ambalo tayari umeliona kwa karibu, yaani kutoa damu kwenye mguu wa mbele wa mbwa. Anayemshika mnyama hukumbatia kichwa kwa mkono mmoja ili asiume, na kwa mkono wa pili huuzunguka mguu karibu na kiwiko, akikaza kwa dole gumba na kulizungusha kidogo kuelekea nje ili mshipa ujae na utulie mahali pake. Akilegeza mapema damu haiji, na akichelewa kulegeza baada ya sindano kutoka, mguu unavimba. Video inaweza kukuonyesha hatua hizi kwa usahihi kabisa, lakini kiasi cha kukaza utakijua siku utakapohisi mshipa ukijaa chini ya kidole chako, na hapo tena baada ya kumshika mbwa mtulivu, mbwa mwoga na mbwa mzee mwenye mishipa myembamba.

Kumwangalia mnyama aliye kwenye nusukaputi kunadhihirisha jambo hilo hilo kwa uzito zaidi. Kipimo cha oksijeni hubanwa kwenye ulimi, na ulimi unapokauka au kibanio kinapoteleza, mashine huonyesha namba ya kutisha ilhali mnyama yuko salama. Kuna nyakati nyingine ambapo namba ni nzuri na mnyama anaanza kuzidiwa. Fundi mwenye ujuzi hatulizwi wala hatishwi na skrini peke yake. Hugusa mapigo kwa ndani ya paja, huhesabu pumzi kwa kuutazama mfuko wa hewa wa mashine ya nusukaputi unavyojaa na kunywea, hupima ulegevu wa taya, na hubonyeza ufizi ili aone kama rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Mtu asiyewahi kukaa kwenye kiti hicho chini ya usimamizi hapaswi kuachiwa mnyama, na hapo nakubaliana na kaka yako moja kwa moja.

Programu nzuri za mtandaoni zinalijua hili, na ndiyo sababu zinakudai kliniki, msimamizi na video. Kwa kawaida hukupa orodha ndefu ya ujuzi, kila ujuzi ukiwa na masharti yake: mnyama aonekane, mikono yako ionekane, hatua zote zifuatwe bila kukatwakatwa, kisha msimamizi atie saini na mwalimu wa chuo akague. Nchini Marekani, ambako njia hii imekomaa, programu za mafundi sanifu hupewa ithibati na kamati maalumu ya chama cha madaktari wa wanyama, AVMA, na kamati hiyo haitofautishi mwanafunzi wa darasani na wa mtandaoni kuhusu ujuzi wa lazima: wote wanapaswa kuufikia. Anayehitimu hufanya mtihani wa kitaifa wa mafundi sanifu, VTNE, ambao una maswali 170 ya kuchagua, 150 kati yake yakihesabiwa alama, kwa muda wa saa tatu. Uingereza wanaiita kazi hii uuguzi wa wanyama, na huko mwanafunzi hutakiwa kukamilisha saa zisizopungua 1,800 za mafunzo katika kliniki, haidhuru nadharia ameisomea wapi. Ukiyatazama masharti hayo utaona mara moja kwamba kozi isiyotaka kliniki haina mahali pa kusimama.

Kuna jambo moja ambalo waombaji wengi hawaliulizi mpaka wamekwama, nalo ni aina za wanyama. Wewe unafanya kazi kwenye kliniki ya mbwa na paka. Programu nyingi kamili zinataka uonyeshe pia ujuzi kwa farasi au ng'ombe, kwa ndege, na kwa wanyama wa maabara kama panya na sungura, tena ujue kuwashika bila kuwaumiza na bila kuumizwa. Ujuzi huu hautaupata mahali ulipo. Mwanafunzi anayefaulu mitihani yote ya nadharia anaweza kubaki na kipengele kimoja cha ng'ombe kikimsubirisha miezi, kwa sababu tu hakupanga mapema na daktari wa mifugo mikubwa. Uliza kabla ya kulipa ada: ni wanyama gani wanahitajika, katika hatua gani ya masomo, na je, chuo kinasaidia kumtafutia mwanafunzi nafasi au ni jukumu lake mwenyewe?

Kuhusu kutambuliwa, usianzie kwenye tovuti ya chuo. Anzia kwa mamlaka inayosajili watu wa kazi hii mahali unapokusudia kufanya kazi, kwa sababu yenye neno la mwisho ni hiyo. Kenya, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2011 inayowasimamia madaktari wa mifugo pamoja na wataalamu wasaidizi, na Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na baraza lake; nchini Marekani kila jimbo lina kanuni zake, na hata cheo hubadilika kati ya jimbo na jimbo. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwongozo wa ujuzi unaotarajiwa kwa wataalamu wasaidizi wa veterinari, lakini mwongozo huo haumpi mtu leseni. Leseni hutolewa na mamlaka ya nchi. Kwa hiyo iandikie mamlaka yako, taja jina kamili la chuo na la programu, na uombe jibu la maandishi kama mhitimu wake anasajiliwa. Ukikusudia kuhama siku moja, andikia na mamlaka ya huko pia. Chuo kinachosema kina ithibati kitakutajia aliyeitoa bila kusitasita, nawe utalitafuta jina la programu yenyewe katika orodha ya mtoaji huyo, kwa kuwa chuo kinaweza kuwa na ithibati ya jumla ilhali programu hii mahususi haina.

Sasa daktari wako. Naelewa haya uliyo nayo, lakini ninakuomba uiweke kando, kwa sababu bila mtu wa kukusimamia huna kozi. Mimi ningekushauri utafute msimamizi kabla ya kutafuta chuo. Usimwendee katikati ya msongamano wa wagonjwa. Mwombe muda, umwendee na karatasi yenye mambo anayotakiwa kufanya: ni ujuzi gani ataushuhudia, atasaini nini, utahitaji kukaa chumba cha matibabu saa ngapi kwa wiki, na ni zipi kati ya kazi hizo zinaweza kusimamiwa na fundi mwenye leseni badala yake, iwapo chuo kinaruhusu. Daktari mwenye shughuli nyingi hukataa ombi lisilo na mipaka. Ombi lenye mipaka hulifikiria, hasa linapotoka kwa mtu ambaye tayari anawajua wateja wake kwa majina na ameshaonyesha kwamba hashtuki mnyama anapobweka. Mweleze pia kuhusu video, kwani wenye wanyama wanapaswa kuridhia kabla ya wanyama wao kurekodiwa. Akikataa, kubali kwa heshima na umwombe akuelekeze kwa mwenzake, madaktari wanajuana.

Hesabu zisikukatishe tamaa. Hesabu za kazi hii ni chache kwa aina, nazo hurudiwa kila siku mpaka zinakuwa tabia. Tuseme mbwa ana kilo 12, na daktari ameagiza dawa kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kila kilo. Unazidisha 12 kwa 0.2, unapata miligramu 2.4. Chupa inasema kila mililita ina miligramu 5, kwa hiyo unagawanya 2.4 kwa 5, unapata mililita 0.48. Hesabu imeishia hapo. Hatari yake iko kwenye nukta: anayeisogeza kwa bahati mbaya atavuta mililita 4.8, yaani mara kumi ya dawa iliyoagizwa, na ndiyo maana mafundi makini hukisia jibu kabla ya kukokotoa, kisha humpa mwenzao aihakiki kabla sindano haijamgusa mnyama. Fanya hesabu za aina hii kwa kalamu na karatasi kila siku kwa muda mfupi, ukianza sasa, hata kabla hujajiandikisha. Kemia utakayoihitaji itakuja pamoja na dawa zenyewe, na utaielewa vizuri zaidi kuliko shuleni kwa sababu itakuwa na mnyama mbele yake. Utajifunza, kwa mfano, kwamba ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli, na kwamba kidonge kimoja cha binadamu kinaweza kumuua. Baada ya hapo hutalisahau somo hilo.

Wepesi wa ratiba, ambao ndio uliokuvuta mtandaoni, una tabia ya kuwahadaa watu. Kozi isiyo na saa maalumu huliwa na kila kitu chenye saa maalumu: zamu, homa ya mtoto, wageni. Kaeni na mume wako mzitazame zamu zake na mkubaliane ni saa zipi ni za masomo, kisha saa hizo zilindwe kama zamu ya kazi. Uliza chuo kama mihadhara ni ya kurekodiwa yote au baadhi ni ya moja kwa moja, kama mitihani inafanyika mbele ya kamera kwa saa walizopanga wao, na kuna ukomo gani wa miaka wa kumaliza. Anza na somo moja, au mawili kama chuo hakiruhusu pungufu. Na uitumie kliniki: ukiwa umesoma figo wiki hii, waombe mafundi wakuonyeshe mkojo chini ya hadubini, kwa sababu fuwele uliyoiona kwa macho yako haihitaji kukaririwa.

Ujue pia mipaka ya kazi yenyewe. Fundi sanifu hachunguzi akatamka ugonjwa ni nini, haandiki dawa, hafanyi upasuaji, wala hamtabirii mteja kama mnyama wake atapona. Hayo ni ya daktari. Yake ni uuguzi, maabara, eksirei, nusukaputi, usafi wa meno, kuandaa chumba cha upasuaji na kumwelimisha mwenye mnyama. Utaumwa na kukwaruzwa, hivyo uliza mapema kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Na utakuwepo mnyama anapopumzishwa kwa sindano ya mwisho huku familia ikilia. Nadhani hili umeshaliona kutoka mezani kwako, ila kuwa mwenye kumshika ni mzigo tofauti, na chuo kinachostahili ada yako hulifundisha waziwazi.

Nakuomba ufanye mambo kwa mfuatano huu: iandikie mamlaka ya usajili, zungumza na daktari wako, kisha ukiandikie chuo cha pili kuhusu wanyama, video na mitihani. Jibu la mamlaka na kauli ya daktari vikiwa mkononi, mwite kaka yako umwonyeshe kabla hujalipa chochote. Lipia somo la mwanzo tu, usilipie programu nzima, na uhakikishe mkataba unaeleza utarudishiwa nini ukilazimika kusimama katikati.

Mshauri